Goti la Kushoto la Shangazi

Kazi yangu ni kupiga kengele. Watu wakiniuliza ninafanya nini, nawaambia niko chuo cha matabibu. Wanadhani natibu, na mimi sina haraka ya kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba natunza chumba cha mazoezi. Natandika vitanda, nafua mashuka, nafuta vumbi kwenye mifupa ya plastiki, na siku ya mtihani wa vitendo nakaa katikati ya chumba na kengele ya mkononi. Nikiipiga, kila mwanafunzi anaacha mgonjwa aliyekuwa naye na kuhamia kitanda kinachofuata. Ndiyo maana wananiita Kengele, mbele yangu na nyuma yangu, na nimeshazoea.

Lakini habari hii ni ya Shangazi.

Shangazi ni fundi cherehani, mtaa wa nyuma ya chuo, kati ya kinyozi na duka la rangi. Ni mwanamke mrefu, wa mikono mirefu, anayegombana na wateja huku ana pini mdomoni na kila neno linasikika. Anashona sare za shule na magauni ya harusi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa chuoni, ila wanafunzi wote humwita hivyo, kuanzia mwaka wa kwanza, na wote wanamjua kwa goti lake la kulia.

Mtihani wa vitendo haufanywi kwa mdoli. Mwanafunzi lazima amshike mtu mwenye tatizo la kweli na aseme amehisi nini. Kwa hiyo chuo kina watu wake: kuna mzee mwenye moyo unaovuma, kuna kaka mwenye bandama kubwa, na kuna Shangazi. Ndani ya goti, katikati kabisa, kuna kano, wanaiita kano ya mbele, inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele. Ya kwake ya kulia ilikatika zamani, akiwa msichana wa shule, mfungaji wa timu ya mpira wa pete. Aliruka, akatua, mguu ukabaki palepale na mwili ukageuka. Anasema alisikia mlio kabla ya kusikia maumivu. Wakamfunga plasta, wakamwambia apumzike. Alikuwa ameshaahidiwa nafasi ya kusomea ualimu wa michezo. Plasta ilipotolewa goti lilikuwa limelegea, na nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Akajifunza kushona. Pedali ya cherehani anaikanyaga kwa mguu wa kushoto.

Miaka mingi baadaye alianguka mbele ya geti letu. Mwalimu mmoja wa mifupa, ambaye sasa amestaafu, alimwinua, akamkalisha kwenye benchi, akalishika goti. Kisha akaita wenzake waje kuhisi. "Hili ni goti la kufundishia," akasema. Shangazi husimulia maneno hayo kama wanawake wengine wanavyosimulia siku waliyoposwa, na kila mwaka huongeza chumvi kidogo. Mwaka jana benchi lilikuwa limeshageuka kiti cha ngozi.

Tangu hapo kila mtihani anaitwa. Siku hiyo anafunga duka na kuandika kwa chaki mlangoni: Niko chuoni. Anavaa gauni lake la samawati, na ndani yake kaptura aliyoishona mwenyewe kwa kazi hiyo, yenye pindo safi kuliko suruali za walimu wetu. Wateja wake wanajua kwamba siku hiyo fundi wao anafundisha madaktari. Mtu akimcheka, namshauri asimpelekee kitambaa. Mwanamke huyu alinyang'anywa ualimu na goti lake, na goti hilohilo likamrudishia siku moja kila mwaka. Mimi siwezi kucheka jambo kama hilo.

Sasa kuna kanuni. Ukipima goti unaanza na lile zima. Unalikunja, unalinyoosha, unalisukuma upande huu na upande ule, unavuta muundi, mpaka mkono wako ujue mtu huyu akiwa mzima goti lake likoje. Ndipo unakwenda kwa bovu na kulinganisha. Bila zima huna kipimo. Ndiyo maana mgonjwa wa mtihani wa goti lazima awe na goti moja bovu na moja zima, na akikosa mojawapo hafai tena. Shangazi anaijua kanuni hiyo kama anavyojua mkasi wake.

Kanuni ni hiyo, ila wanafunzi ni wanafunzi. Wakubwa huwanong'oneza wadogo: kitanda cha dirishani ni Shangazi, goti la kulia, kano ya mbele. Kwa hiyo wanapofika kwake wanaligusa la kushoto ili waonekane wameligusa, kama mtu anayemsalimia mgeni huku anaangalia mlango, halafu wote wanarukia la kulia. Jibu wanalo tangu bwenini.

Mwaka huu alichelewa. Nilikuwa nimeshatandika kitanda chake nilipomwona akija koridoni, anatembea taratibu, mkono mmoja ukutani. Nikadhani viatu. Tulipofika kitandani, chumba kikiwa bado kitupu, hakupanda ngazi ya kitanda kama kawaida yake, mguu wa kushoto kwanza. Alikaa ukingoni, akainua mguu mmoja kwa mikono, kisha wa pili. Nikainama kumvua kiatu. Juu na chini ya goti la kushoto kulikuwa na michirizi ya bendeji ya kuvutika, ametoka kuifungua muda si mrefu.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Soksi."

"Soksi ya mapajani?"

Mwishowe akaniambia. Alikuwa anatoka dukani na robota la kitambaa cha sare, akakosa ngazi, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Mlio aliutambua. Goti likavimba. Alifunga bendeji, akapaka dawa ya kuchua, akasubiri uvimbe uishe kabla ya mtihani. Cherehani alikuwa anaikanyaga kwa shida, siku nyingine kwa mguu huu, siku nyingine kwa ule.

"Na hukuenda kutibiwa?"

"Nitibiwe wapi? Kliniki ya karibu ni yenu. Wangeniona."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia ana kichwa kigumu, na kwamba mtu mzima hachezei mguu unaomlisha. Aliniacha nimalize, maana ananijua. Halafu akasema, "Wakijua, mwakani hawaniiti. Niachie mwaka huu tu, Kengele. Mmoja tu."

"Watahisi, bibie. Wakilivuta tu, watahisi."

"Hawalivuti. Unajua hawalivuti. Na akitokea wa kulivuta, nitakaza paja."

Na ni kweli. Misuli ya nyuma ya paja ikikazwa huushika muundi usiende mbele, na goti bovu linajifanya zima. Kwa miaka yote hiyo Shangazi amekuwa akisikia walimu wakiwaambia wanafunzi: hakikisha mgonjwa amelegea kwanza. Alikuwa amesoma chuoni kwetu kuliko wengi, na sasa elimu yote anaitumia kutudanganya. Nikamfunika shuka miguuni. Nikaenda zangu kwenye kengele, hatua chache tu kutoka kitanda chake, na moyo mzito.

Mtahini wa goti alitoka chuo kingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba, mkali lakini hana roho mbaya. Asubuhi alikuja kumkagua Shangazi, kama ilivyo desturi, akalivuta la kulia, akasema vizuri sana, akakaa kitini kwake.

Wakaanza kupita. Wa kwanza, wa pili, na wale waliofuata. La kushoto: kunja, nyoosha, zima. La kulia: hapo ndipo palikuwa na mbwembwe. Wanamkunja goti, wanakalia unyayo wake kidogo ili usihame, wanavuta muundi kwa mikono miwili kama mtu anayevuta droo ya meza iliyokwama, kisha wanamgeukia mtahini na kutangaza kano ya mbele kwa sauti ya mtu aliyeivumbua. Mtahini anaandika. Shangazi anatazama dari. Kila walipolikunja la kushoto nilimwona anauma shavu kwa ndani, na hakuna mwingine aliyemtazama usoni. Nilianza kuamini itapita.

Kisha akafika Kobe.

Kobe ni jina alilopewa na wenzake. Ni kijana mpole, mabega yamemwinamia, na kila kitu anakifanya polepole. Akikusalimu unaweza kujibu na kuondoka kabla hajamaliza. Mtihani huu alikuwa ameshaufeli. Safari hii anarudia, na akifeli tena anafungasha virago. Chuo kizima kilijua, mpaka walinzi. Alipofika kitanda cha dirishani alisalimia, akaomba ruhusa ya kumgusa, akasugua viganja vipate joto. Nikasema moyoni, huyu muda wake unakwisha kwenye kusugua mikono.

Akaanza na la kushoto. Alilitazama kwanza. Aliyatazama mapaja yote mawili kuona kama moja limenywea. Akapitisha mgongo wa mkono juu ya goti kusikia joto, akaibonyeza pia ya goti kuona kama kuna maji chini yake. Kisha akalikunja kidogo tu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akasubiri.

"Shangazi, umekaza," akasema.

"Sijakaza, mwanangu. Ndivyo lilivyo."

"Umekaza kidogo. Si kitu. Mimi sina haraka."

Hana haraka, na mtihani unamla. Nilitazama saa. Mkono wangu ulikuwa kwenye kengele, na nilitamani kuipiga kabla ya wakati, imwondoe kijana huyu pale. Sikuipiga. Kobe alikuwa bado amelishika goti, halivuti, analibeba tu mikononi kama analipumzisha.

"Siku hizi unashona nini?" akamuuliza.

"Sare."

"Za shule gani?"

"Ile ya chini kule, ya kola nyeupe."

"Zile kola wanasema ni ngumu."

Hapo alimpata. Kuhusu kola Shangazi hawezi kunyamaza hata umzibe mdomo. Akaanza kumweleza kwamba kola si ngumu, ugumu ni wa mafundi wanaokata kitambaa bila kufuata nyuzi, na kwamba ukiigeuza kabla ya kuipiga pasi lazima ncha moja itapinda. Alitoa mikono kwenye shuka ili amwonyeshe ncha. Paja likalegea mikononi mwa Kobe, na Kobe akavuta.

Niliona uso wa Shangazi ukisimama katikati ya neno.

Kobe alivuta tena. Akaenda la kulia, akavuta, akarudi la kushoto. Wakati wake ulikuwa karibu kwisha alipomgeukia mtahini.

"La kulia kano ya mbele imekatika, Daktari. La kushoto pia. Muundi unakuja mbele na hauzuiwi na kitu."

"La kushoto?" mtahini akauliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Kengele haijalia. Unaweza kubadilisha jibu."

Kobe aliutazama mkono wake mwenyewe. "Siwezi, Daktari. Ndivyo nilivyohisi."

Nikapiga kengele, kwa sababu wakati ulikuwa umefika na hiyo ndiyo kazi yangu. Kobe akamfunika Shangazi shuka, akashukuru, akahamia kitanda kinachofuata, shingo imezama mabegani. Mtahini aliandika, akatikisa kichwa. "Masikini," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu ndiyo basi tena."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kitandani palikuwa karibu.

Mwanafunzi aliyefuata alikuwa ameshaushika ukingo wa shuka. Shangazi alikuwa anatazama dari. Alihitaji kunyamaza tu. Kijana mmoja angerudi kwao, ambaye hata hivyo kila mtu alitarajia arudi, na yeye angebaki na gauni lake la samawati na chaki yake mlangoni. Nilimtazama na sikujua nimwombee nini. Nilimwonea huruma Kobe, nikamwonea huruma yeye, na kuwaokoa wote wawili kulikuwa hakuwezekani.

"Ngoja, mwanangu," Shangazi akamwambia yule wa shuka. Akajiinua, akakaa. "Daktari, yule kijana hajakosea."

Mtahini akavaa miwani.

"Ni bovu. Niliumia. Wengine wote nimewakazia." Akalala tena chali. "Lishike mwenyewe. Safari hii sikazi."

Mtahini aliweka kalamu chini. Alisimama upande wa kushoto wa kitanda, ambako asubuhi hakusimama, akashika paja na muundi, akavuta. Akavuta mara nyingine, taratibu zaidi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua kuisha."

"Na mimi asubuhi nilipima la kulia tu," mtahini akasema. Hakuna aliyemuuliza. Alisema kwa kuwa lilikuwa kweli, na nilimheshimu kwa hilo. Kisha akaniambia nitoe tangazo: kitanda cha dirishani kimefungwa, wote waliopita hapo watarudia kwa mgonjwa mwingine, isipokuwa mmoja.

Mtihani ulipokwisha, koridoni palichafuka. Kijana mmoja wa nywele za mafuta, aliyetangaza kano ya mbele kwa sauti kuliko wote, alininung'unikia kwamba Kobe amewaponza. Nikamwambia goti la kushoto lilikuwepo kitandani hata ilipofika zamu yake. Kobe mwenyewe nilimkuta ameegemea ukuta na hajui kinachoendelea. Nilipomwambia amefaulu kitanda hicho, alifikiri kwanza, kisha akauliza, "Na Shangazi je?"

Shangazi alikuwa anavaa viatu. Mtahini alikuwa amesimama mbele yake, anatafuta neno zuri na halipati.

"Mwakani hatutaweza…"

"Najua, Daktari," Shangazi akamsaidia. "Zima halipo."

"Leo hii uende kliniki. Usiseme kesho."

"Nina sare za watu."

"Ataenda," nikasema mimi, na nikamshika mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alilikunja shuka lake mwenyewe kabla hatujatoka, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mto. Sijawahi kuona mgonjwa akifanya hivyo. Nilitoka mbele ili asinione usoni.

Kliniki ni hapohapo, ng'ambo ya ua. Wanafunzi wakimaliza mtihani hupangiwa huko, wanapokea wagonjwa kwanza, halafu daktari anapitia. Tulikaa benchini na watu wengine. Shangazi aliweka mkoba mapajani. Alikuwa amezoea kuingia chuoni kwa mlango wa walimu. Zamu yetu ilipofika, pazia lilifunguliwa na mtu aliyetusalimia mpaka mwisho wa salamu. Alikuwa Kobe.

Shangazi akapanda kitandani kwa msaada wangu. Kwa mazoea ya miaka akavuta gauni upande wa kulia, akanyoosha goti lake maarufu, akatazama dari. Kisha akakumbuka. Akafunua na la kushoto, akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wanakufundisheni muanze na zima. Mimi sina tena. Utaanza na lipi?"

Kobe akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka nikatamani kumfinya. Kisha akavuta kigoda, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya Shangazi.

"Hakuna la kulinganisha," akasema. "Basi nitaanza kwa kukuuliza wewe."

"Uniulize nini?"

"Yaliumiaje. Yote mawili."

Shangazi alinitazama, kama anauliza kama inaruhusiwa. Mikono iliyopita juu ya goti lile mimi nimeishuhudia, sijui idadi yake, na wenye mikono hiyo wote walikuwa na jibu tayari, kwa hiyo hapakuwa na swali. Akalishusha gauni, akalinyoosha vizuri juu ya magoti kwa viganja, kama anavyofanya mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Nilikuwa mfungaji," akasema. "Mpira wa pete. Hakuna aliyekuwa ananifikia kwa kuruka."

Kobe aliitikia kwa kichwa, akasikiliza. Nilikuwa na mashuka ya vitanda vyote ya kufua kabla jua halijashuka. Nikatafuta kiti kingine, nikakaa.